Burma ya Nyama

Mwezi wa pili mwaka huu wazee wa mtaa walipita nyumba kwa nyumba hapa Kaloleni wakigawa karatasi. Maneno ya kubomoa na kujenga maghorofa nimeyasikia tangu nikiwa chekechea. Huja na uchaguzi na kuondoka na uchaguzi. Safari hii wazee walisema ni afadhali tujipange mapema, tuwe na faili. Karatasi ilitaka jina la mpangaji wa kwanza, mwaka alioingia, na chini yake mistari minne tu: familia hii ilifikaje hapa, na kwa nini inastahili kuhesabiwa.

Dani akanirushia mimi. Nyumbani kwetu mimi ndiye msomi, cheo kilichobaki baada ya karo kunishinda nikaacha chuo mwaka wa pili. Naishi kwa kuandikia watu: barua za kuomba kazi, hotuba za harusi, maelezo ya viatu vinavyouzwa mtandaoni. Mistari minne si kitu. "Andika babu yako alikuwa Burma," Dani akasema, akaenda kuchambua sukuma.

Sentensi hiyo nimekua nayo. Babu alikuwa Burma. Shuleni niliwahi kuwaambia wasee darasa zima kwamba babu yangu alipigana na Wajapani, na kwa wiki moja nikaheshimiwa. Kwa hivyo nilianza kuandika bila wasiwasi: mpangaji wa kwanza ni askari wa zamani wa King's African Rifles, alipigana Burma, akarudi, akapewa nyumba. Mstari mmoja na nusu. Nikachukua kitambulisho chake cha zamani, kile Dani hukiweka ndani ya Biblia, ninakili nambari. Mwaka wa kuzaliwa: 1931.

Nikahesabu kwa vidole kama mtoto. Kikosi cha Afrika Mashariki kilikuwa kwenye Bonde la Kabaw mwaka wa 1944. Vita viliisha 1945. Babu alikuwa na miaka kumi na minne, yuko kwao Nyanza anachunga mbuzi.

Nikamfuata Dani jikoni. Alicheka mpaka akaketi. "Burma ya nyama, nyakwara! Burma ya hapo Jogoo Road!" Babu alikuwa anafagia soko na kubeba nyama pale Burma, kwa miaka. Kila mtu akiuliza mzee yuko wapi, jibu lilikuwa moja: yuko Burma.

Sasa hapa ndipo swali langu lilipoanzia, na nakuomba usilicheke haraka. Nilikaa na ile karatasi jioni nzima nikiwa na hamu kubwa ya kuacha uongo ulivyo. Hakuna ambaye angejua. Hakuna mzee wa mtaa atakayeenda kutafuta rekodi za jeshi la Mwingereza. Na kila nilipojaribu kuandika "alikuwa mfagiaji wa soko" mkono ulikuwa mzito, kana kwamba naandika kitu kinachotushusha. Mtu aliyebeba bunduki ya Mfalme George ana haki ya nyumba. Mtu aliyebeba mguu wa ng'ombe begani, huyo ana nini? Nani alinifundisha hesabu hiyo?

Kusema ukweli, mtaa wenyewe ndio ulionifundisha. Ukiishi upande huu wa mji unaishi ndani ya ramani ya vita vya watu wengine. Kariokor ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza, jina likisemwa na ulimi wetu. Soko la Burma lilipata jina kwa askari waliorudi kutoka huko. Na Kaloleni hii, nyumba za mawe na vigae zilizozunguka ukumbi, ni ya miaka ya 1940, na kila mtoto hapa ameambiwa kwamba waliozijenga ni mateka wa Kiitaliano waliokamatwa Mwingereza alipowafukuza Ethiopia na Somalia mwaka wa 1941. Fikiria hilo kidogo. Mtaliano anapigana na Mwingereza juu ya Ethiopia, anashindwa, analetwa Nairobi, anachonga mawe ya nyumba ya Mwafrika ambaye hakuulizwa lolote kuhusu ugomvi huo.

Lakini ukiendelea kuchimba unaona vita ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni mahesabu yanayofanywa baada ya vita, na hiyo haina sanamu.

Chukua wapagazi wa Kariokor. Kati ya 1914 na 1918 Mwingereza na Mjerumani walifukuzana kutoka Taveta hadi Msumbiji, na kwa kuwa mbung'o waliua farasi na ng'ombe, mizigo ilibebwa na watu. Walikufa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa, wachache kwa risasi. Pale Kenyatta Avenue kuna sanamu yao, na maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili yanayoahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watakumbuka jina lako. Mwaka wa 2021 tume ya Waingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa jina popote, au hawakukumbukwa kabisa. Maandishi kwenye sanamu yanasema jina, na jina ndilo hasa hawakuandika.

Waliorudi hai je? Mwaka wa 1919 serikali iligawa mashamba kwa askari wa kizungu ili waje kulima nyanda za juu. Mpagazi alipewa kipande cha kuvaa shingoni ndani ya kikebe. Halafu ikaja ile sehemu ambayo shuleni tunaipita mbio kwa sababu inahusu pesa. Koloni lilikuwa linatumia rupia. Mwaka wa 1920 London ikaamua rupia ihesabiwe kwa shilingi mbili kamili za Kiingereza badala ya shilingi moja na peni nne. Setla aliyekuwa na deni la benki kwa rupia akaamka asubuhi deni lake limepanda kwa nusu ukilihesabu kwa pesa za kwao, wakati bei ya mazao yake huko ng'ambo inaanguka. Ulikuwa ugomvi wa kibiashara, baina ya setla, benki na London. Je, ulisuluhishwa vipi? Masetla walikubaliana kupunguza mishahara ya wafanyakazi wao Waafrika kwa thuluthi moja. Mtu aliyekuwa nje kabisa ya ugomvi ndiye aliyelipa. Kodi ya kichwa na ya nyumba nayo ilikuwa imepanda.

Hiyo ndiyo iliyomtoa Harry Thuku ofisini. Alikuwa karani wa simu wa Hazina, kijana kama sisi, na alipokamatwa tarehe 14 Machi 1922 watu walijaa nje ya kituo cha polisi. Tarehe 16 wakapigwa risasi, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele. Serikali ilihesabu maiti 21. Mjini watu walihesabu zaidi. Ukiuliza Nairobi ya siasa ilizaliwa lini, mimi nitakuonyesha siku hiyo, na chanzo chake ni thamani ya rupia na mshahara uliokatwa.

Sasa rudi hapa kwetu. Ukumbi wa Kaloleni bado upo, rangi imebanduka, wikendi kuna harusi na kanisa. Wazee huuita bunge. Tarehe 23 Aprili 1950 KAU na chama cha Wahindi cha Afrika Mashariki walifanya mkutano wa pamoja humo ndani, na mtu mmoja akasimama akataka azimio liseme wazi: uhuru kamili, sasa. Hakuwa jenerali. Alikuwa Makhan Singh, Mpunjabi mwenye kilemba, aliyefika Kenya akiwa kijana mwaka wa 1927, akafanya kazi kwenye mtambo wa kuchapisha wa baba yake, na tangu 1935 alikuwa akiunganisha mafundi na vibarua kwenye vyama. Mwezi uliotangulia, Nairobi ilipotawazwa kuwa jiji, yeye na Fred Kubai walikuwa wameita watu wasusie sherehe. Mei 15 wote wawili wakakamatwa, na kesho yake mji ukasimama. Wafanyakazi walidai viongozi waachiliwe na mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi. Polisi walirusha mabomu ya machozi mitaa hii hii. Makhan Singh alikaa kizuizini huko kaskazini hadi Oktoba 1961. Zaidi ya miaka kumi na moja. Nimewahi kuuliza vijana kumi wa mtaa huu jina lake, wawili ndio waliolijua, mmoja akidhani ni mchezaji wa mpira wa magongo.

Sheria zetu zilikuwa na jina la kuchekesha kwa jambo kama hilo. Mgomo wa watu kutaka mshahara, kwa Kiingereza cha sheria, uliitwa mgogoro wa "trade", neno lile lile la biashara, na sheria ya jina hilo ilikaa vitabuni mpaka 2007. Zamani niliona ni Kiingereza kibovu. Siku hizi naona walisema ukweli bila kujua. Mtu anayegoma anabishania bei ya kitu pekee alicho nacho.

Babu alikuwa amefika mjini mwaka uliotangulia. Alikuwa kibarua wa kupakia magunia, miaka kumi na tisa, hajui Kiswahili vizuri. Dani anasema alimsimulia jambo moja tu juu ya mgomo: kwamba njaa ya siku zile aliikubali kwa sababu kwa mara ya kwanza njaa ilikuwa ni uamuzi wake. Hakuhutubia mtu. Alikaa. Laiti magunia yote ya Nairobi yangepakiwa wiki ile, azimio la ukumbi wetu lingekuwa karatasi.

Kwa hivyo nikaandika toleo la pili la mistari minne. Babu hakupigana Burma. Aligoma 1950, akafagia soko la Burma, akalipa kodi ya nyumba hii miaka yote. Nikajisikia vizuri sana. Nimeshinda jaribu la uongo, nimempa mfagiaji heshima yake, nimeweka jasho mahali pa damu. Hata John Locke wa chuoni, yule aliyefundisha kwamba mtu akichanganya kazi yake na kitu anapata haki nacho, niliona yuko upande wetu (ingawa mwenyewe alikuwa na hisa kwenye kampuni ya kuuza watumwa, kwa hivyo sijui jasho la nani alikuwa akihesabu).

Nikamsomea Dani. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na mwaka wa kuingia umeandika upi?"

"Elfu moja mia tisa hamsini na tano."

"Na hukujiuliza kwa nini nyumba ilikuwa wazi mwaka huo?"

Sikuwa nimejiuliza. Wewe je? Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi lilizunguka Nairobi yote, operesheni waliyoiita Anvil. Mitaa ilikaguliwa mlango kwa mlango, watu wakawekwa kwenye mistari, Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatolewa upande. Zaidi ya 20,000 walipelekwa kambini, Manyani na Mackinnon Road, wake na watoto wakarudishwa mashambani. Eastlands ikabaki na nyumba tupu na mwajiri anayehitaji vibarua. Mjaluo mwenye kazi na karatasi safi alipata chumba ambacho mwaka uliotangulia asingekiota.

Dani alikuja kama bibi harusi 1956. Anasema Babu alimkataza kugusa sanduku moja la mbao lililokuwa chini ya kitanda. Lilikuwa la waliotangulia. Alikuwa ameambiwa na jirani kwamba mwenye nyumba, mwanamume, mke na watoto wawili, walibebwa na lori asubuhi. Babu aliliacha na kufuli lake akisema watu wakirudi watalitaka. Kambi zikafungwa, watu wakarudi mjini, uhuru ukaja 1963, Babu akawa anauliza uliza pale sokoni. Hakuna aliyekuja. Kama 1965 hivi walilivunja kufuli, wakakuta nguo za watoto zimeliwa na panya, sufuria moja, na fungu la stakabadhi za kodi ya nyumba zimefungwa kwa uzi.

Sanduku bado lipo. Ndimo tunamoweka unga.

Nimeandika sentensi hiyo mara tatu sasa nikijaribu kuilainisha, haikubali. Yule mtu naye alikuwa amechanganya jasho lake na nyumba hii, alikuwa na stakabadhi kutushinda. Kama jasho linatoa haki, haki ni yake. Kama damu inatoa haki, pia ni yake, na pengine hata zaidi. Sisi tulikuja kwa mlango ambao vita vilifungua, na hatukuvipigana, na hatukuvianzisha, na tulifaidika. Hayo manne yote ni kweli kwa wakati mmoja.

Kuna rafiki yangu aliniambia nawaza sana. Kwamba Babu hakufukuza mtu, alitafuta pa kulala. Ni sawa. Simhukumu Babu. Mtu mwenye miaka ishirini na nne akipewa ufunguo na serikali yenye mizinga barabarani hana nafasi kubwa ya falsafa. Ila kutokuwa na hatia si kitu kimoja na kutodaiwa. Unaweza kukuta mkoba wa mtu umeanguka; hukuiba, lakini si wako. Na nchi yetu, nadhani, ilijengwa hivyo karibu yote: nyumba, shamba, cheo, kiosko, kila kitu kina aliyetangulia akatolewa na ugomvi wa mtu mwingine. Ndiyo maana tunapenda sana hadithi ya vita. Hadithi ya askari ni safi. Alitoa, akalipwa, tumemaliza. Ukiingiza mishahara, rupia, mgomo na lori la Anvil, daftari linaharibika, huwezi tena kulifunga.

Na bado tunaandika humo humo. Mwaka wa 2017 Tanzania ilichoma vifaranga 6,400 waliotoka Kenya pale Namanga, wa siku moja moja, na viongozi wa pande zote mbili wakaongea juu ya heshima ya taifa. Mfanyabiashara wa vifaranga hakuwa na taifa lolote siku hiyo. Machi 2021 sisi tukafunga mpaka kwa mahindi ya Uganda na Tanzania, kisha siku chache baadaye tukafungua. Urusi ikaingia Ukraine 2022 na lile sanduku chini ya kitanda likawa nyepesi miezi kadhaa. Juni 2024 nilikuwa mjini na wenzangu kwa sababu ya Mswada wa Fedha, macho yakiwaka kwa gesi, na Dani aliponiosha uso alisema tu kwamba harufu ni ile ile Babu aliyorudi nayo kwenye nguo. Mabibi huwa wanasema mambo hivyo bila kunuia kukufundisha.

Swali likabaki la karatasi. Nikiandika habari za sanduku, kuna mtu anaweza kulitumia. Kaloleni si mtaa wa malaika. Wakija kupunguza orodha, jirani asiyetupenda atasema familia hii yenyewe imekiri kwamba nyumba haikuwa yao. Nikiacha, nimefanya kile kile walichofanya wenye sanamu: nimesifu mpagazi mmoja nikafuta mwingine. Nilimwambia Dani achague yeye, ndiye mwenye jina kwenye kitabu cha kodi. Nilitarajia aseme acha. Amezika mume na watoto wawili kutoka nyumba hii, ana haki ya kuogopa.

Alifikiri siku mbili. Kisha akaniita, akasema niandike lote, "lakini uandike pia tulikaa nalo miaka kumi bila kulifungua." Nikamwambia mistari ni minne. Akasema nyuma ya karatasi ni peupe.

Jumapili nikaipeleka ukumbini. Mzee anayepokea ni mwenye miwani iliyofungwa kwa selotepu, alimjua Babu. Akasoma mbele, akageuza, akasoma nyuma polepole, mdomo ukisogea. Kwenye ile sehemu ya lori alisimama kidogo akatazama nje, upande wa zile nyumba za karibu na reli. Kisha akaniuliza kama lile fungu la stakabadhi bado tunalo, na kama jina la mtu linasomeka.

Nikasema sijui, nitaangalia. Akaiweka karatasi yetu pembeni, si ndani ya faili na wala si chini ya meza, akaniambia nikitoka nimwite anayefuata.